Hadithi ya Mhuri

Rafiki yangu alipoanza kuchekesha, jukwaa lake lilikuwa kreti za soda zilizowekewa ubao, katika mgahawa mmoja wa Sinza, Dar es Salaam. Wateja walizoea vichekesho vya maigizo: mito iliyofungwa tumboni, suruali zisizoenea. Yeye alisimama peke yake na kipaza sauti, akasimulia habari za karani wa "njoo kesho" aliyeficha mhuri ili awe na kazi. Usiku wa kwanza alicheka mhudumu tu, nadhani kwa huruma. Baadaye waliocheka zaidi walikuwa watumishi wa umma. Walijua mhuri ule hukaa droo ipi. Semina nyingi za utawala bora nilizohudhuria hazikufika pale.

Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa kwa sababu ya video iliyomwonyesha akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Rafiki yangu alipopanda tena jukwaani, alisimulia ya daladala na ya mama mkwe. Ukumbi ulicheka. Ilipofika zamu ya mhuri alinyamaza, akanywa maji, akaendelea na harusi ya binamu yake.