Punda wa Stanley na Starlet Yetu

Ukimwambia shoga yako wa Dar kwamba likizo mnakwenda Usinge, atadhani umetaja mtaa mpya huko Kinyerezi. Wapi! Usinge iko wilaya ya Kaliua, mkoa wa Tabora, kwenye reli ya kati, ukishazipita Urambo na Kaliua kuelekea Kigoma. Tulifika jioni moja ya Julai 2022, mimi na mume wangu, vumbi hadi kwenye kope, na tumenuniana siku ya tatu.

Usafiri wetu ulikuwa Coaster kuukuu. Mume wangu aling'oa viti, akaweka kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na kabati la nguo. Nyuma tulifunga Starlet ya gia za mkono, ili tukishaegesha nyumba tuwe na kagari kepesi ka kuzungukia sokoni. (Kama una wazo hilo, usivute gari la otomatiki huku magurudumu ya mbele yanazunguka chini. Utaua gia boksi kabla hujafika Nzega.) Starlet inawekwa huru, hendibreki chini, inafuata kama mbuzi wa kamba.

Tulitoka Geita, na siku hizo njia yetu ya kwenda Mwanza ilivuka Busisi kwa kivuko hadi Kigongo. Foleni ndefu, malori ya ndizi, mabasi, jua kali. Mhudumu akatuambia vizuri tu: fungueni hiyo ndogo, ipande peke yake. Baba watoto akagoma. Akifungua atapoteza nafasi, na kwani yeye kaanza kuendesha leo?

Sasa Coaster ina mkia mrefu. Tairi za mbele zikipanda mlango wa kivuko, pua inakwenda juu na mkia unashuka. Chuma cha kuvutia kikachimba zege, krrr, gari likakwama nusu nchi kavu nusu kivukoni. Honi zikaanza nyuma. Mimi nilikuwa chini na abiria wengine. Nilichokiona hakikuwa chuma. Niliona Starlet, gia huru, hendibreki chini, imeshikiliwa na pini moja tu kwenye mteremko wa kuingia ziwani.

Septemba 2019 pale Likoni, Mombasa, gari liliteleza kinyumenyume kutoka kwenye feri likazama, na mama na binti yake wakafa. Sote tuliiona ile video. Nilikimbia, nikaingia kwenye Starlet, nikavuta hendibreki hadi mwisho, nikatia gia namba moja, halafu nikapiga kelele ambazo sitaki kuziandika hapa. Vijana wakaweka mawe mbele ya tairi, wakachomoa pini, Coaster ikapanda. Starlet nikaiingiza mwenyewe.

Safari ya majini haikufika hata nusu saa. Yeye alisimama upande wa kushoto wa kivuko, mimi kulia. Hakuna aliyesema pole. Na kiukweli tulichonuniana si chuma kilichopinda. Ni kwamba nilisema "fungua" mara tatu, na mara zote tatu alinisikia.

Basi, Usinge. Tuliegesha chini ya miembe, tukaomba ruhusa kwa wenyeji, na kabla chai haijachemka watoto walishaizunguka nyumba yenye magurudumu. Mzee mmoja akakaguakagua, akainama kutazama kile chuma, kisha akauliza: "Mwanangu, na hii majini mliivushaje?" Mume wangu akakohoa. Nikasema, "Muulize yeye, babu." Mzee akacheka hadi akakaa chini.

Swali lake lina ukoo mrefu. Misafara ya kutoka pwani kupitia Tabora kwenda Ujiji ilikuwa lazima iuvuke mto Malagarasi, na wenye mitumbwi walijua bei yao. Burton na Speke waliuvuka Februari 1858. Stanley alifika Novemba 1871 akimtafuta Livingstone, akabishana kuhusu hongo ya vitambaa na shanga hadi akachoka. Watu na mizigo walipakiwa mitumbwini. Punda walifungwa kamba waogelee nyuma. Mmoja aliitwa Simba. Mamba akamkamata shingoni katikati ya mto, watu wakavuta kamba kwa nguvu zote, akazama. Aliyebaki walimvusha kesho yake asubuhi.

Nilimsomea mume wangu kisa hicho kitandani, kwa tochi. Akakaa kimya. Kisha akasema taratibu, "Kwa hiyo Starlet ndiyo punda." Nikamwambia hapana, punda ningekuwa mimi, maana ningeifuata majini. Hapo ndipo aliponiomba msamaha, na hakuweka "lakini" mwishoni. Wanaume wetu, jamani, ile "lakini" ndiyo huharibu kila kitu.

Asubuhi tukasalimiwa "Mwangaluka!", tukanunua asali na samaki wa ziwa Sagara, tukakaa siku mbili zaidi ya mpango. Hakuna hoteli ya kusifia. Kuna reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 na kuwapokonya wapagazi wa Kinyamwezi kazi waliyoijua kuliko wote, kuna miombo, na usiku wenye nyota mpaka unajisikia mdogo. Mbung'o wapo, vaeni mikono mirefu.

Kigongo–Busisi sasa pana Daraja la J.P. Magufuli, limefunguliwa Juni 2025. Lakini Kigamboni, Likoni, au Kisorya ukienda Ukerewe, kivuko bado kipo. Fungua gari la nyuma mapema, kila gari na dereva wake. Funga mtungi wa gesi. Abiria washuke. Hendibreki, gia, jiwe kwenye tairi.

Malagarasi tuliuvuka juu ya Daraja la Kikwete, lililozinduliwa 2015. Kabla hatujaingia, mume wangu alisimamisha Coaster, akashuka, akaja dirishani kwangu.

"Tuifungue?"

"Baba, hili ni daraja."

"Nauliza tu," akasema, akaenda kuikagua pini.