Aluminiamu au kaboni? Nusura niingizwe mjini!

Leo habari za mapenzi tuziweke kando kidogo, tuongee baiskeli. Usicheke! Kama unaishi Tegeta na kibarua chako kiko Posta, unajua ninachosema. Foleni ya asubuhi inaweza kukukuta umemaliza stori zote na jirani yako wa kwenye daladala, na bado Mwenge hamjafika.

Ugonjwa wangu ulianza Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza kuletwa Afrika. Nilikaa mbele ya tivii nikiwaangalia wale jamaa wanavyopanda vile vilima vya Rwanda, mpaka Tadej Pogačar wa Slovenia alipochukua taji. Nikasema moyoni, na mimi lazima nipate baiskeli ya resi.

Mpya siiwezi, bei yake ni ya kununulia kiwanja. Nikasubiri zamu yangu kwenye mchezo tunaocheza kazini. Siku ilipofika nikakabidhiwa laki saba taslimu. Kwako huenda ni hela ya wikiendi, lakini mimi niliichangia kwa kujinyima chai za saa nne. Ikipotea imepotea.

Nikamtafuta jamaa mmoja anayeuza baiskeli za mtumba, ni mtu tunayefahamiana. Nikamwomba na mzee mmoja, fundi wa mtaani kwetu, anisindikize. Pale tukakuta mbili zinazonitosha. Moja nyekundu ya aluminiamu, imechubuka chubuka, bei laki sita. Nyingine nyeusi ya kaboni, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi, bei laki tisa.

Jamaa akaanza kumwaga sera. "Mwanangu, kaboni ndiyo mpango mzima. Hii ndiyo kitu anachoendesha Froome! Kwa kuwa ni wewe, nipe hiyo hiyo laki saba uondoke nayo."

Bwana wee, moyo ukanidunda. Ni kweli Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi, alishinda Tour de France mara nne akiendesha kaboni. Nikainyanyua ile nyeusi kwa mkono mmoja. Nyepesi! Mkono tayari ulikuwa mfukoni.

Mzee akanivuta shati. "Kijana, unanunua baiskeli au unanunua rangi?"

Akaanza darasa. Kaboni, alisema, ni nyuzi nyembamba zilizogandishwa kwa gundi maalumu. Ikiwa nzima haina mpinzani, maana inameza mitikisiko ya barabara na inaweza kudumu miaka mingi. Tatizo lake ni kipigo. Aluminiamu ukiigonga inabonyea, unaona kwa macho. Kaboni inaweza kupasuka ndani huku nje imependeza, halafu siku moja uko kasi kwenye mteremko inakatika bila hodi. Na ya mtumba hujui iliangushwa mara ngapi kabla ya kukufikia.

Kuhusu wepesi akanichekesha. Fremu kwa fremu, mara nyingi tofauti ni kama nusu kilo. "Hiyo ni chupa ndogo ya maji. Kunywa maji kwanza, ndiyo uondoke." Nami nikakumbuka kwamba mwaka 1998 Marco Pantani wa Italia alishinda hiyo hiyo Tour de France juu ya Bianchi ya aluminiamu. Sasa mimi wa Tegeta nani?

Mzee akatoa sarafu ya mia mbili, akawa anagonga ile fremu nyeusi taratibu. Ti, ti, ti... alipofika bomba la chini, karibu na pedeli, mlio ukabadilika. Du! Akasema mlio peke yake si ushahidi, macho lazima yahakikishe. Na hapo hapo palikuwa na stika kubwa. Akaingiza ukucha, akaibandua. Chini yake ufa mrefu kama kidole changu cha shahada. Kimeo!

Jamaa akajifanya kushangaa. Tukahamia ile nyekundu. Mzee akaweka sumaku, haikunasa, maana yake si chuma kilichopakwa rangi. Akachungulia kila sehemu iliyochomelewa, kwa sababu aluminiamu nayo huchoka na nyufa zake hupenda kuanzia hapo. Ikipasuka, kuichomelea tena mtaani ni kujidanganya, moto unaipunguzia nguvu. Akavuta bomba la siti kuona kama halijagandia ndani kwa kutu ya jasho na chumvi ya pwani. Akakagua uma wa mbele, kwani baiskeli nyingi za aluminiamu uma wake ni wa kaboni. Vyote safi.

Nikamwaga laki sita. Jamaa akahesabu, akanirudishia elfu hamsini. Akaninong'oneza, "Hiyo ya soda. Kuna dogo anakuja saa kumi kuiona ile nyeusi. Mambo ya ufa yaishie hapa hapa."

Akairudisha stika mahali pake.

Msomaji wangu, sitakudanganya. Nilizipokea. Nilikuwa nawaza tairi mpya. Mzee akaniangalia, hakusema neno, akapanda daladala yake. Mimi nikapanda baiskeli yangu, upepo unapuliza, raha tupu... lakini nilipofika Morocco miguu ikagoma. Nilikuwa namuona huyo dogo nisiyemjua kwenye mteremko fulani, na mimi natafuna elfu hamsini zake.

Nikageuza. Nilipofika, dogo wa kama miaka kumi na saba alikuwa ameshika ile nyeusi, ametabasamu meno yote nje.

"Dogo, bandua hiyo stika."

Akabandua. Akaniangalia mimi, akamwangalia jamaa, hela akaisukumia chini kabisa ya mfuko. "Asante braza," akasema, akaondoka. Mimi nikaiweka ile elfu hamsini juu ya meza. Maneno niliyotukanwa hapo, mhariri hawezi kuyachapisha!

Basi ukiniuliza aluminiamu au kaboni, jibu langu ni hili. Kama unamjua mwenyewe wa kwanza na una fundi wa kuikagua, chukua kaboni ufaidi. Kama unaokota tu sokoni kwa hela ya mchezo kama mimi, chukua aluminiamu, makovu yake utayaona. Na stika yoyote, bandua kwanza.

Mimi bado naendeshea tairi za zamani. Jamaa akiniona anavuka barabara. Lakini Posta nafika, na usingizi unakuja.

Tukutane wiki ijayo!