Ukweni Usoke: Dizeli au Umeme?

Kama mwenzako ni mtu wa Tabora, jiandae. Siku moja utapelekwa ukweni, na huko mnaweza kununiana kwa sababu ya mashine ya kusaga. Sisi yalitukuta Usoke.

Usoke ni kituo cha Reli ya Kati wilayani Urambo, magharibi ya Tabora mjini. Njiani ni miombo, mizinga ya nyuki juu ya miti na mabani ya kukaushia tumbaku. Kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914, misafara ya kwenda Ujiji ilikatiza nchi hii kwa miguu, na kuiendesha hakukuwa mchezo: posho ya wapagazi, hongo kwa watemi. Mtemi Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871, Stanley ilibidi azungukie kusini, na kila siku ya ziada ni posho!

Hongo ya leo ni dizeli. Mama mkwe ana mashine ya zamani, injini yake imechoka. Sisi tulikuwa na akiba ya miaka mitatu, ya kununulia kiwanja Dar. Mume wangu akataka injini mpya ya dizeli. Mimi nikataka mota ya umeme. Usiku huo hatukuongea.

Asubuhi nikachukua kalamu. Lita moja ya dizeli ina nguvu sawa na uniti kama 10 za umeme, lakini injini ndogo inafikisha kwenye mkanda kama robo tu; nyingine inaishia kwenye joto na moshi. Mota nzuri haipotezi hivyo. Kazi ya lita moja inaifanya kwa uniti kama 3. Kwa bei ya matumizi ya kawaida ya TANESCO, uniti pamoja na kodi ni kama shilingi 350, yaani 1,050 hivi. Dizeli tuseme lita ni 3,000. Karibu mara tatu, jamani! Na bado hujanunua oili, filta wala nozeli.

Mume wangu hakuwa mjinga. Mashine kubwa inataka umeme wa fezi tatu. Fezi moja ikipotea mota ikiwa inazunguka, inaungua, na kuisuka upya ni mkwanja. Umeme ukikatika siku ya foleni, wateja wanabeba madebe yao kwa jirani. Halafu akanikumbusha Waingereza na mradi wao wa karanga, hapahapa Urambo, Kongwa na Nachingwea: mwaka 1947 walileta matrekta kwa mbwembwe, yakaharibika, vipuri viko mbali, na mwaka 1951 mradi ukatupwa. "Usinunue kitu ambacho fundi wa hapa hawezi kukifungua," akasema. Hapo nilinyamaza. Mafundi wa dizeli wapo kila kijiji.

Tukakutana katikati. Tutanunua mota, pamoja na kifaa cha kuizima yenyewe fezi ikipotea. Injini ya zamani tutaifanyia ukarabati, ikae pembeni kwa siku za giza, mkanda unahamishwa tu. Nusu ya akiba ikabaki ya kiwanja.

Mama mkwe alitusikiliza mpaka mwisho, akiwa anapepeta mahindi yake.

"Sawa wanangu," akasema. "Na daftari la mapato atashika nani?"