Hawa Wawili Wazae?

Dada yangu anaishi Segera, pale barabara itokayo Chalinze inapogawanyika, mkono mmoja ukienda Tanga na mwingine ukielekea Korogwe, Mombo hadi Moshi. Huuza chakula kwa madereva na abiria. Mwezi uliopita aliniletea swali ambalo katika mji wa mabasi na machungwa hulitazamii: je, jike lake, Chihuahua mdogo ambaye mumewe alimleta kutoka Arusha, apandwe na dume la Pekingese la jirani?

Usicheke bado. Shemeji yangu amekwisha kupiga hesabu ya fedha atakazopata kwa watoto wa mbwa hao, na hesabu hiyo ameipangia sare na madaftari ya Januari. Watoto wa nyumbani nao wamekwisha kuahidiana nani atapewa yupi. Jambo limefika hapo, na mbwa wenyewe hawajakutana.

Aina zote mbili zimetoka mbali. Chihuahua amepewa jina la jimbo moja la Meksiko. Pekingese alifugwa katika majumba ya wafalme wa China, hata majeshi ya Waingereza na Wafaransa yalipoipora Ikulu ya Kiangazi karibu na Beijing mwaka 1860. Mbwa watano walichukuliwa hapo, na mmoja akapelekwa kwa Malkia Victoria. Walimwita Looty, jina litokanalo na neno la Kiingereza la uporaji; angalau jina halikuuficha wizi.

Wapo wasemao kuwa kuchanganya mbegu ni kuharibu. Mimi sikubaliani nao. Chotara mara nyingi huwa na afya kuliko mbwa waliozaana ndugu kwa ndugu kwa vizazi vingi, na mbwa koko wa vijiji vyetu, mchanganyiko wa tangu na tangu, anaishi kwa makombo na kulinda boma pasipo shukrani ya mtu. Lakini uimara wake umetokana na kuishi hapa vizazi na vizazi, pamoja na kupe wetu na mbung'o wetu, na wale walioshindwa wakafa. Mchanganyiko wa wageni wawili hauzai mwenyeji. Watoto wa Chihuahua na Pekingese watakuwa wageni tu kwa magonjwa ya Handeni, kama wazazi wao.

Tena hakuna awezaye kukuahidi watakavyokuwa. Huyu atachukua macho ya mama yaliyotokeza, yule pua bapa ya baba. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Mwenye pua bapa huhema kwa taabu, na jua la Segera la saa nane mchana halimhurumii.

Linalonitia hofu zaidi ni jike lenyewe. Chihuahua aliyekomaa aghalabu hazidi kilo 3, na Pekingese hukaribia kilo 5 au zaidi. Aina hizi zote mbili hata zikizaana zenyewe kwa zenyewe hujulikana kwa uzazi mgumu, kwa sababu vichwa vya watoto ni vikubwa na nyonga ya mama ni nyembamba. Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Siku ya mwisho, mtoto akikwama, jike hupasuliwa au hufa. Nilimwuliza dada yangu: ikiwa ni saa nane za usiku, ni nani atakayempasua? Alinijibu kuwa bwana mifugo wao ni mtu mwema, lakini kazi yake ni ng'ombe na mbuzi. Gari la kukodi usiku kwenda mjini kumtafuta daktari, pamoja na upasuaji, litazimeza fedha za sare kabla mtoto wa kwanza hajauzwa.

Sasa tuseme wamezaliwa salama. Yafaa wakae na mama yao wiki 8, wapewe dawa ya minyoo, na chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo kwa kawaida hutolewa wafikishapo miezi 3 na kurudiwa baadaye. Shemeji yangu, nilipompigia simu, alikuwa na mpango wa kuwauza wakiwa na wiki 5, stendi. Hebu fikiri, msomaji: abiria anamnunua mbwa dirishani kama anunuavyo machungwa, basi linaondoka, na hakuna ajuaye kiumbe yule ataishia wapi wala kama atachanjwa. Alinieleza pia kwamba mbwa mdogo kiasi hicho hawezi kupata kichaa. Aweza, akiumwa na mbwa mwenye ugonjwa. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na dalili zikishaanza ni nadra sana mtu kupona. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa huyo anaenea kikapuni.

Nilimshauri dada yangu asiwakutanishe. Amekubali, mumewe bado ananuna, na jirani anadai kuwa nimeidharau mbegu ya mbwa wake. Kumbe shauri lenyewe halijawa rahisi, maana jike hupata joto mara mbili hivi kwa mwaka, kila mara kwa muda wa wiki 3 hivi, na harufu yake huyaita madume yote ya mtaa, makubwa kwa madogo. Mbwa koko wa stendi ni mzito zaidi ya Pekingese. Wiki hii fundi seremala anatengeneza mlango wa banda, na dada yangu amemwagiza auteremshe hadi chini kabisa, usibaki upenyo.