Kitambaa Cheusi Hushonwa Mchana

Jumatano, 8 Novemba 2023

Maji yamekuja saa nane usiku. Nimesikia mfereji ukikohoa, nikaruka kitandani. Tangi, mapipa, mitungi, hata sufuria ya pilau. Nimemaliza kwenye saa kumi na usingizi ushahama. Nje mvua inamwagika tangu juzi, barabara imekuwa mto, na mfereji wetu bado unafuata ratiba. Sielewi na sijaribu kuelewa.

Binti yangu amenitumia video. Mzungu kakaa kwenye kiti cha ngozi, anaeleza kitabu cha Robin Sharma, yule Mkanada wa *The 5 AM Club*. Ati ukiamka saa kumi na moja alfajiri siku itakuwa yako. Nimeitazama nikiwa nimekalia mtungi. Sasa huyu anamwambia nani? Hapa mtaani Umoja, Nairobi, sote ni wanachama, na ada tulilipa kitambo.

Oda ukutani: bibi harusi wa tarehe 16 Desemba na wapambe wake sita. Suti mbili nyeusi za wazee wa kanisa. Mapazia ya mama wa duka la dawa. Mashati ya kwaya. Kila mmoja ameniambia, "Fundi, si utaniweka mbele?" Wote wakiwa mbele, nyuma atakaa nani?

Jumamosi, 11 Novemba

Saa mbili usiku hivi, giza. Nikadhani ni tokeni zimeisha. Nikachungulia: Umoja giza, Donholm giza, kule Kayole hakuna hata kibatari. Jirani wa juu akapiga kelele kwamba redio imesema ni karibu nchi nzima.

Oveloki imekufa na mkono wa shati la kwaya mdomoni. Lakini Singer ya mguu haina habari na mambo ya stima. Nimefunga taa ya chaji kwa utepe kwenye shingo ya mashine, nikaanza mapindo ya mapazia. Meupe, kwa hivyo hata mwanga hafifu unatosha. Simu nimeizima, chaji ilikuwa inaisha. Hakuna aliyenitumia picha ya "fundi nataka kama hii". Hakuna kikundi cha ploti, cha chama, cha kwaya, cha wazazi wa darasa la nane.

Mapazia yote yameisha kabla ya usiku wa manane. Yale mapazia! Yalivyokuwa yananitazama kwenye kona siku zote hizo. Nimefurahi, halafu nikaogopa kidogo. Kumbe kazi yenyewe haikuwa kubwa.

Jumatatu, 13 Novemba

Likizo ya ghafla. Serikali imetaka watu watoke wakapande miti, milioni mia moja kwa siku moja. Wapambe sita wameamua kujipanda kwenye viti vyangu tangu saa tatu asubuhi.

Mmoja amenenepa tangu nimpime. Mmoja anataka mgongo wazi. Shangazi yake, kwa simu, amesema mgongo wazi hauingii kanisani. Mwingine amekuja na picha tatu za magauni ya nchi zenye baridi. Chai, mandazi, vicheko, futi imepotea ikapatikana chini ya mtu.

Sijashona hata sentimita. Jioni mgongo unauma kuliko siku ya kushona. Kusikiliza watu ni kazi, sijui kwa nini sitozi.

Ijumaa, 17 Novemba

Mwalimu ameleta suruali ikunjwe. Ndiye wa mwisho kwenye mstari wetu mwenye nyumba ile ya asili ya Umoja One, ya miaka ya 70, iliyojengwa kwa mikopo ya Wamarekani: vyumba chini, uwanja mdogo, basi. Wengine wote wamepanda juu. Ghorofa tano, sita, ngazi gizani. Nyumba yake imebaki chini huko, inasikia jua kwa jina.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Kazi?"

Nikamwambia kazi ipo, muda ndio hakuna. Hapo nikawa nimemfungulia darasa. Shaaban Robert, akasema, alikuwa karani wa forodha kule Tanganyika tangu 1926 hadi 1944. Mwajiriwa wa serikali ya mkoloni, anahamishwa huku na huku, na bado akaandika. "Muda hautafutwi, mama. Muda hutengwa."

Nikaitikia. Heshima. Jibu limenijia akiwa ameshavuka barabara, kama kawaida ya majibu: na maji alikuwa anachotewa na nani?

Sina ugomvi na marehemu. Lakini nimelifikiria neno la Mwalimu nikikunja ile suruali. Kutenga. Nitenge nini? Usiku ni wa mfereji. Asubuhi ya mapema ni ya watoto. Jioni ni ya wateja wanaoshuka kwenye matatu na kupitia hapa kuuliza. Nilichonacho ni jua. Fleti ya mbele inalikinga mpaka saa nne, halafu linaingia, linakaa juu ya meza, na kwenye saa nane linahamia ukutani likawaangazie watu kalenda. Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi chini ya balbu, hapana. Macho yatakwisha. Zile suti za wazee zinataka jua.

Kwa hivyo saa nne hadi saa nane ni nyeusi. Nyeupe na vitenge, usiku. Vipimo na porojo, jioni. Nimemwambia msichana wangu wa kazi, akacheka, akauliza na wateja je. Nikamwambia wateja wataona benchi liko nje.

Jumanne, 21 Novemba

Binti hachoki. Leo ni Mwitaliano, Francesco Cirillo. Alikuwa mwanafunzi wa chuo mwishoni mwa miaka ya 80, akili haitulii, akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Dakika 25 kazi, 5 kupumzika, tena 25. Dunia nzima sasa inafanya hivyo, anasema. Haya. Nimetega simu.

Kengele imelia nikiwa katikati ya bega la gauni, pini zimezunguka kote, satini inateleza kwa kila pumzi. Niache hapo nipumzike? Mkono wa gauni hauachwi nusu. Ukirudi unakuta kitambaa kimesogea, upande mmoja umefura. Nikaendelea, kengele ikalia tena, msichana akashtuka akakanyaga pedali, sindano ikavunjika.

Pengine kwa mtu wa kompyuta ni dawa. Na hata hivyo ili kengele isikike, simu lazima ikae mezani, na simu ndiyo ugonjwa wenyewe.

Alhamisi, 23 Novemba

Matokeo!! Alama 361!

Nimepiga kelele mpaka mama mboga akaja mbio na kisu mkononi, akidhani tumevamiwa. Darasa la mwisho kabisa la KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mtihani ulianza 1985, na mimi niliufanya, na mdogo wangu, na sasa kijana wangu amefunga mlango. Baba yao amepiga simu kutoka kazini, hasemi kitu, anapumua tu.

Chapati. Soda. Watoto wa ploti nzima. Jua limeingia saa nne, likakaa juu ya meza, likaenda zake, na suti ya mzee wa kanisa haikuguswa. Mtu anayeweza kuihesabu siku kama hii kuwa hasara, huyo ana shida ambayo saa haitamtibu.

Jumanne, 28 Novemba

Eastleigh. Bitana ya rangi ya maziwa, zipu za kuficha, kulabu. Matatu imekaa stejini mpaka ijae. Makanga anapiga bati, "Mbili twende! Mbili!" na hao wawili wanapanda na bado ni mbili. Barabara ya Outering imesimama, maji yamejaa ukingoni. Nauli imepanda tena, tangu petroli ipite shilingi 217 kwa lita kila mtu anajiongezea.

Zamani nilikuwa nabeba vifungo nishikize njiani. Leo mkoba nimeuweka miguuni, simu ndani ya mkoba. Nimekaa dirishani natazama. Mwanamume anasukuma mkokoteni wa mitungi ndani ya maji ya mafuriko, anauza maji. Mtoto amevaa ndoo kichwani kama kofia. Nimesinzia. Niliposhuka akili ilikuwa imeoshwa.

Hiyo saa na zaidi ya njiani, wacha iitwe likizo. Sina nyingine.

Jumamosi, 2 Desemba

Nimepata kengele yangu!

Bobini. Ile ile. Uzi wa chini ukiisha mashine haikwambii, inaendelea kutoboa tu, unaona safu ya vitundu bila uzi. Lazima usimame, utoe, uzungushe mwingine. Basi simu imeingia droo ya vifungo, na inatoka bobini ikiisha. Uzi unapojizungusha, mimi nasoma, najibu, "gauni liko sawa mamii", "hapana sijaanza", "njoo Jumatano". Bobini imejaa, droo inafungwa.

Na haikatizi mkono wa nguo, maana ukianza bega unaweka bobini mpya. Cirillo na nyanya yake hawakushona satini.

Leo nimemaliza suti ya kwanza nyeusi. Kola imelala. Nimeishika dirishani nikaikagua kwa jua, mshono mmoja mmoja, hakuna uliopotoka. Msichana amenitazama akasema, "Fundi, leo hujaongea." Kweli.

Upande wa pili: bibi harusi amekasirika. Alituma ujumbe saa tano, nikamjibu karibu saa saba. Ati alidhani nimefariki. Watu wamezoea kujibiwa kabla hawajamaliza kuuliza. Nimemwambia atakapovaa gauni hatakumbuka ujumbe. Amenyamaza. Naomba Mungu iwe hivyo.

Jumapili, 10 Desemba

Giza tena! Saa mbili usiku, nchi nzima. Safari hii si utani, gauni la harusi lilitaka pasi kabla ya kushika lesi.

Mama mboga ana pasi ya makaa ya mamake. Nzito, jogoo wa shaba mbele. Tumeipulizia nje kwenye ngazi, tukaijaribu kwenye kitambaa kibovu, tena, tena, majivu yasije yakaruka. Kwenye satini sikuthubutu. Bitana tu, juu yake kitambaa chenye unyevu. Majirani wameshika taa za simu wamesimama mlangoni kana kwamba ni upasuaji.

Imekubali. Sasa kila mtu kwenye ngazi anaongea, hakuna televisheni. Mwalimu amesimulia Nairobi ya zamani mpaka saa tano. Sikumaliza nilichopanga, na sijutii.

Jumanne, 12 Desemba

Jamhuri, miaka 60. Baba watoto yuko nyumbani. Nyama, ugali, kachumbari. Redioni hotuba.

Katikati ya chakula amesema polepole, bila ugomvi, "Uko hapa lakini unatazama ukuta." Nikageuka. Kweli nilikuwa nasoma oda. Mpambe wa nne, pindo. Mpambe wa sita, zipu.

Maneno hayo yamenichoma kuliko ya bibi harusi. Nimejisifu kwa droo na bobini, na kumbe karatasi ya ukutani ndiyo simu nyingine. Nimeitoa, nimeitundika upande wa pili wa pazia, chumba cha mashine, huko isionekane kutoka mezani. Kijana ameuliza shule ya bweni ikoje. Tumezungumza mpaka chai ikapoa. Anaogopa. Sikujua anaogopa.

Ijumaa, 15 Desemba

Wapambe wamechukua. Yule wa mgongo wazi amepata mgongo wa lesi, shangazi amekubali, mpambe amekubali, mimi niliyeumiza vidole ndiye ambaye sikuulizwa.

Bibi harusi amekuja saa kumi jioni na mamake. Zipu imepanda bila kushikwa na mtu. Mamake ameanza kulia. Hakuna aliyetaja ujumbe wa saa tano.

Nikiwa nafagia nyuzi, mama mmoja ameingia na kitenge chini ya kwapa. "Fundi wangu, ya Krismasi. Kitu kidogo tu, gauni na kilemba." Nimeshika kitenge. Kizuri, cha nta, rangi za mwembe. Miaka yote jibu lingekuwa lile letu la ufundi, "njoo Alhamisi", nalo si Alhamisi ya wiki yoyote ijulikanayo.

Nikamwambia hapana. Nguo yako nikiipokea leo haitakuwa tayari Krismasi, na nikiifanya iwe tayari itakuwa mbovu. Amenitazama kama nimemtukana. Amevuka kwa fundi wa ng'ambo. Nimemsikia fundi akimjibu hata kabla ya kukunjua kitambaa: "Hakuna shida mama, njoo Alhamisi."

Nimeandika kwa chaki mlangoni: ODA ZA KRISMASI ZIMEFUNGWA. SARE ZA SHULE KUANZIA TAREHE 2 JANUARI. UKIKUTA MLANGO UMEFUNGWA SAA NNE HADI SAA NANE, KAA KWENYE BENCHI.