Masikio ya Kukodi

Nilipanda Kericho mwaka 1997, miezi michache kabla ya zile mvua za El Niño, na sanduku moja la nguo za Mombasa. Nilikuwa karani kwenye ghala la chai Shimanzi. Chai ya Kenya hunadiwa Mombasa tangu 1969, kwa hiyo majani niliyajua makavu, ndani ya magunia ya karatasi. Mti wake sikuwahi kuuona. Nikapelekwa juu kuhesabu shehena zinapotoka kiwandani. Kwa mtu wa pwani, kwenda bara wakati ule kulikuwa kwenda ugenini hasa, hata kama pasipoti haitakiwi.

Baridi ilinivunja wiki ya kwanza. Mji uko mita 2,000 hivi juu ya bahari, na mvua ya alasiri huko haiombi ruhusa. Nikaenda sokoni kwenye mitumba, nikamkuta kijana anafungua belo. Wateja wake wa kudumu walishamzunguka kungoja kamera, yaani zile nguo bora zinazochaguliwa kwanza. Sisi wengine tulisubiri, na jioni kabisa ikabaki fagia, ya kununuliwa kwa fungu. Niliondoka na koti la sufu la kiume lililonifika magotini. Nikalivaa juu ya buibui, na gambuti miguuni. Watoto wa njiani walinisindikiza hadi mlangoni.

Lakini mimi pia nilikuwa nawatazama wao. Mchumaji wa chai alivaa aproni ya plastiki nzito kutoka kifuani hadi chini ya magoti, maana majani ya asubuhi yamejaa umande na vijiti vya mchai hukwaruza. Kikapu mgongoni, kofia ya marvin kichwani, sweta lililofumwa na fundi wa barazani. Na chini ya plastiki hiyo yote, leso! Moja tu, imefungwa kiunoni, jina, yale maneno yaliyoandikwa, limepinduka miguu juu. Kwetu leso huja mbili mbili, na hakuna mwanamke anayelipa kabla hajasoma jina. Hawa walitaka joto na kitu cha kufutia mikono.

Nikaona biashara. Kila nilipoteremka Mombasa nilirudi na korja moja kutoka mtaa wa Biashara, nikiuza kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi. Walichagua kwa rangi, nyekundu kwanza. Mama mmoja, mtu wa heshima kanisani, alipenda iliyoandikwa “Hasidi hana sababu”, akaivaa Jumapili na kuketi benchi moja na mke-mwenza wa dada yake, ambaye kila mtu alijua hawapatani. Sikusema neno. Ningemwambia, angeirudisha, na leso iliyokwisha kufuliwa nimuuzie nani?

Mishahara ya mashamba makubwa ililipwa taslimu, na siku hiyo nje ya lango pakageuka soko: sufuria, mablanketi, viatu vya plastiki, mafundi na cherehani zao. Wakulima wadogo wao walikuwa na Oktoba yao, wakati bonasi inapoingia. Ukipita Litein au Kapkatet wiki hiyo utaona magodoro yamefungwa juu ya paa za matatu, na wazee wenye makabuti mapya wakinunua bati bila kuuliza bei mara mbili.

Vazi la zamani la Kipsigis, wenyeji wa huko, niliona masikio yake tu. Vikongwe walikuwa na ndewe zilizotobolewa na kuvutwa tangu ujana, zikining'inia kama kitanzi. Wakiwa na kazi ya mikono walizikunja na kuzipachika juu ya sikio, zisisumbue. Niliwauliza wasichana wa ofisini kuhusu ngozi na shanga zilizokwenda na masikio hayo. Wakacheka kwa haya. Vitu vya nyanya hivyo, wakasema, viko darini vinaliwa na panya.

Nilirudi pwani 2001. Desemba 2022 mmoja wa wasichana wale, sasa mama mwenye wajukuu, akaniita Bomet, karibu na Silibwet, kwenye koito, yaani sherehe ya posa, ya binti yake. Njiani nilitazama mashamba makubwa: watu wachache wameshika mashine inayokata majani kama kinyozi, pale walipokuwa wamejaa watu na vikapu. Mshahara unaingia kwenye simu. Lango tulilokuwa tukifanyia soko lilikuwa na mwanamke mmoja anauza ndizi, na hakuniuliza ninataka nini. Alikuwa anapiga hesabu ya M-Pesa.

Uani kwa shoga yangu nilidhani nimepotea nyumba. Wasichana kumi hivi, wote kahawia, magauni ya ngozi iliyoshonewa kauri na shanga nyeupe na nyekundu. Nikagusa pindo: si ngozi, kitambaa kilichotengenezwa kifanane nayo, na ndani kina zipu. Wazee wa pande mbili wamejifunika sambut, lile joho la manyoya, mmoja saa ya dhahabu inachungulia. Nami nilikuwa na abaya ya Dubai, kwa hiyo sina la kusema. Shoga yangu alininong'oneza kwamba magauni ni ya kukodi, Jumatatu kabla ya saa sita yawe yamerudi mjini, na kauri ikidondoka inalipiwa.

Bibi yake alikuwa bado hai. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, sweta mbili, ndewe zimekunjwa juu ya masikio. Bibi harusi akaenda kuinama apewe baraka. Masikioni alikuwa na duara kubwa za shanga zilizobanwa kwa kibanio, maana hakutobolewa zaidi ya tundu la hereni. Kikongwe akaishika moja, akaivuta kidogo, ikabaki mkononi mwake na kibanio chake. Akaigeuza, akaitazama kwa ndani, kisha akasema kitu kwa Kipsigis kilichowaangusha wote kwa kicheko.

“Amesemaje?” nikauliza.

Shoga yangu alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya leso. “Anauliza kama na masikio pia yanarudi Jumatatu.”