Kimya Kingi Chini ya Barafu

Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hiyo ina uzito wa pekee kwa mhandisi anayebuni eriali za kutumika ndani ya mito ya barafu. Akishakitumbukiza kifaa chake shimoni, aghalabu hatakiona tena. Kinachosalia kati yao ni sauti tu, na sauti hiyo hutegemea kipande kifupi cha waya.

Mto wa barafu si mto wa maji ulioganda. Ni theluji ya miaka mingi iliyoshindiliwa ikawa barafu, nayo huteremka mlimani polepole kwa uzito wake yenyewe. Mwaka 2003, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton nchini Uingereza, wakiwemo Kirk Martinez wa elektroniki na kompyuta na Jane Hart wa taaluma ya barafu, walipeleka vihisi vyao katika mto wa barafu wa Briksdalsbreen, nchini Norwe. Mradi wao uliitwa Glacsweb. Walitoboa barafu kwa maji ya moto, kisha wakateremsha vidude vya plastiki, kila kimoja kikiwa na betri, redio na vihisi vya joto, shinikizo na mwinamo. Nia ilikuwa kidude kiburutwe na barafu kama kokoto, kisha kieleze yaliyokipata. Atakaye kujua barafu itateleza kwa kasi gani dunia inapozidi kupata joto, hana budi kujua yanayotukia huko chini.

Huenda msomaji akadhani kuwa barafu yenyewe ndiyo adui wa redio. La hasha! Barafu kavu ya Antaktika hupitisha mawimbi ya redio vyema, hata rada za ndege zimeweza kupima unene wake unaozidi kilomita 3. Adui ni maji. Barafu ya Briksdalsbreen iko kwenye kiwango cha kuyeyuka, nayo imejaa mianya na vijito. Maji hayo huyafyonza mawimbi na kuyatawanya, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo hasara inavyozidi. Vidude vya mwaka 2003 vilitumia megahezi 868. Mwaka uliofuata masafa yakashushwa hadi megahezi 433. Baadaye, utafiti ulipohamia Skálafellsjökull nchini Iceland mwaka 2008, yakashushwa tena hadi megahezi 173.

Hata hivyo, ukubwa wa eriali huenda sambamba na urefu wa wimbi. Eriali ya robo ya wimbi katika megahezi 433 huhitaji takriban sentimita 17 hewani. Katika megahezi 173 huhitaji takriban 43. Kidude chenyewe kilikuwa na urefu wa sentimita 16 hivi, na kukirefusha ni kukifanya kisiwe tena kokoto. Hapo ndipo mhandisi hujikuta njia panda: akipunguza masafa sauti hupenya, lakini mwili wa kuibeba haupo. Hulazimika kuukunja waya, na kila mkunjo humpunguzia nguvu kidogo.

Isitoshe, ndani ya barafu wimbi hufupika hadi kufikia takriban asilimia 56 ya urefu wake wa hewani. Eriali iliyorekebishwa ikapatana na redio juu ya meza ya maabara hupotoka inapozingirwa na barafu, na hupotoka zaidi maji yakiizunguka. Basi mbunifu hana budi kuipima palipo na barafu na maji, kwa maana hewa ya maabara itamdanganya. Vilevile, watafiti waliteremsha eriali ya kupokelea ndani ya barafu kwa waya, ili mawimbi yasilazimike kuvuka tabaka la juu lenye maji mengi. Badala ya kukitaka kidude kipaze sauti na kumaliza betri yake, walisogeza sikio.

Baada ya hayo yote bado kimya huja. Hakuna ajuaye kama betri imekwisha, kama jiwe limekipasua kidude, au kama maji ya kiangazi yameimeza sauti yake. Kwa sababu hiyo vidude hutengenezwa vihifadhi vipimo vyao hadi vitakaposikika. Majira ya baridi yanapowadia na maji kupungua, mawimbi hupata njia, na kidude kilichodhaniwa kimekufa huweza kutoa habari za miezi mingi. Anayeharakisha kukifutilia mbali huipoteza hazina hiyo.

Katika miaka hiyohiyo ya 2000, ulimi wa Briksdalsbreen ulirudi nyuma kwa kasi. Eriali inaweza kurekebishwa na kidude kingine kuteremshwa. Barafu ikishayeyuka, hakuna masafa yatakayoirejesha, na kimya kitakachobaki hakitakuwa na cha kungojewa.